Anwani ya kadi ya mtandao: kuisoma kwa amri na kujua umesoma ipi

Anayesimamia mtandao wa skuli, wa afisi au wa nyumba ya wageni hapa Zanzibar, hata ukiwa ni mtandao wa kompyuta chache zilizounganishwa kwa ruta moja, hakawii kutakiwa anwani ya MAC ya mashine fulani, yaani namba inayoitambulisha kadi yake ya mtandao. Ruta huitaka ili printa itengewe anwani ya IP (namba ambayo mashine hupewa na mtandao) isiyobadilika, na walimu wasilazimike kuitafuta upya kila umeme unapokatika na kurudi. Wasimamizi wa mitandao mikubwa huitaka kabla ya kuruhusu kompyuta ngeni kuchomekwa kwenye tundu la ukutani. Anayetaka kuiwasha seva iliyo chumba cha mbali bila ya kwenda kuibonyeza huihitaji pia, kwa kuwa ujumbe unaotumwa kuiamsha mashine kupitia mtandao huibeba anwani hiyo ikiwa imerudiwa mara 16.

Kuisoma si kazi ngumu, na amri zote zinazohusika zinaenea kwenye karatasi moja. Kinachowapotosha wengi ni jambo jingine: kompyuta ya leo ina anwani kadhaa za namna hiyo kwa wakati mmoja, baadhi yake zikiwa za kadi halisi na nyingine zikiwa zimetungwa na programu, na hata kadi halisi inaweza kuwa inajitambulisha mtandaoni kwa anwani isiyokuwa ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hivyo, ninapozieleza amri hizi, nitakaa zaidi kwenye swali la ni anwani ipi iliyosomwa.

Nazipendelea amri kuliko madirisha ya mipangilio kwa sababu ya hali ya mashine tulizonazo. Kompyuta nyingi ninazokutana nazo katika skuli ni za msaada, zilizokwisha kutumika Ulaya kabla ya kupandishwa meli. Moja ina Windows ya Kijerumani, nyingine ina ya Kiholanzi, na ya tatu imewekewa Linux na kijana aliyekuwa na hamu ya kujifunza. Menyu zake hazifanani, na asiyeijua lugha husika hana la kufanya nazo ila kubahatisha. Amri haibadiliki kwa lugha: `getmac` huandikwa vivyo hivyo Hamburg na Chake Chake. Kibandiko cha chini ya mashine, ambacho watu hukikimbilia, mara nyingi kimekwisha kufutika kwa joto na hewa ya chumvi, au kina namba ndefu ya utambulisho wa bidhaa ambayo hudhaniwa kuwa ndiyo anwani yenyewe.

Nakumbuka nikiwa Unguja na Maalim anayeangalia chumba cha kompyuta akiwa Chake Chake, mbele ya mashine mojawapo ya Kijerumani. Nilimwomba kwa simu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike `cmd`, na katika dirisha jeusi litakalofunguka aandike `ipconfig /all`.

"Maandishi yamejaa kioo kizima, mwanangu, wala silijui hata neno moja," alisema.

"Usijishughulishe na maneno, Maalim. Tafuta mstari wenye jozi sita za herufi na tarakimu, zilizotenganishwa kwa vistari."

"Huo upo. Iko minne. Unataka upi?"

Swali la Maalim ndilo lililonifanya niandike haya, na jibu lake linadai tuitazame kwanza anwani yenyewe ilivyoundwa.

Anwani ya MAC ina biti 48, yaani baiti sita, na kila baiti huandikwa kwa alama mbili za heksadesimali, ambazo ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Ethernet ya mwanzo, yaani utaratibu wa kuunganisha kompyuta kwa kebo, iliyobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970, ilikuwa na anwani za biti nane tu, na hizo ziliwatosha watafiti wa jengo moja. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipotoa kwa pamoja vipimo vya Ethernet ya kuuzwa sokoni, anwani ilirefushwa kuwa ya biti 48, ili kila kadi iweze kupewa anwani isiyofanana na ya kadi nyingine popote duniani, bila ya mnunuzi kupanga chochote. Hesabu yake inazidi anwani trilioni 281. Leo mafungu ya anwani hugawiwa na IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki. Kwa kawaida baiti tatu za mwanzo hutambulisha kampuni iliyopewa fungu, na tatu za mwisho hupangwa na kampuni yenyewe, ingawa yako pia mafungu madogo ambayo sehemu ya utambulisho huchukua biti 28 au 36. Ndiyo maana anayeona anwani inayoanza na B8:27:EB anaweza kusema kwamba mbele yake pana kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kabla hata hajafungua kasha lake.

Katika baiti ya kwanza kuna biti mbili ambazo msimamizi wa mtandao anapaswa kuzijua kuliko zote. Biti ya mwisho kabisa ya baiti hiyo huonyesha kama anwani ni ya mashine moja au ya kundi zima, na kadi haiwezi kuwa na anwani ya kundi kuwa ndiyo yake. Biti inayoitangulia huonyesha kama anwani imetoka katika fungu la IEEE au imepangwa papo hapo na programu au na mtu. Hakuna haja ya kuanza kuhesabu biti kwa kalamu, kwani tofauti hii huonekana kwa jicho: itazame alama ya pili ya anwani, na ikiwa ni 2, 6, A au E, basi anwani hiyo haikutoka kiwandani bali imetungwa. Anwani 00:00:5E:00:53:2A ina 0 katika nafasi ya pili, kwa hivyo ni ya fungu lililosajiliwa, na 02:00:5E:00:53:2A ina 2, kwa hivyo imetungwa. Fungu hili la 00:00:5E:00:53 limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano katika maandishi, nami nalitumia ili nisichapishe anwani ya mashine ya mtu.

Kanuni ya alama ya pili ina mwanya mmoja ambao ni vyema utajwe mapema. Programu zinazounda kompyuta pepe ndani ya kompyuta halisi huunda pia kadi pepe, na baadhi yake hutumia mafungu yaliyosajiliwa. Kadi pepe za VirtualBox huanza na 08:00:27, za VMware mara nyingi na 00:0C:29 au 00:50:56, na za Hyper-V na 00:15:5D, na zote hizo zinapita jaribio la alama ya pili kama kwamba ni kadi za kushikika. Zile za QEMU huanza kwa kawaida na 52:54:00, na hizo hunaswa, kwa kuwa alama ya pili ni 2. Kwa maneno mengine, ukikuta 2, 6, A au E una hakika kwamba anwani imetungwa, lakini ukiikosa alama hiyo bado hujapata hakika ya kinyume chake.

Sasa turudi kwenye mistari minne ya Maalim. Katika Windows, `ipconfig /all` huitaja kila kadi iliyowashwa, iwe imeunganishwa au haikuunganishwa, na chini ya kila moja huweka mstari wa maelezo na mstari wa anwani. Maneno ya mistari hiyo hubadilika kwa lugha, na kwenye mashine ya Kijerumani mstari wa anwani huitwa `Physische Adresse`, lakini maelezo ya kadi yenyewe ni jina alilolitoa mtengenezaji, nalo kwa kawaida halitafsiriwi. Penye jina `Realtek PCIe GbE Family Controller` ndipo penye kadi ya waya, na neno `Wireless` au `Wi-Fi` katika jina la kadi ya Intel huonyesha kadi ya waifai. Mstari wa tatu wa Maalim ulikuwa wa `Microsoft Wi-Fi Direct Virtual Adapter`, kadi pepe ambayo Windows huiunda juu ya kadi ileile ya waifai, na ambayo anwani yake mara nyingi hufanana na ya waifai halisi isipokuwa katika baiti ya kwanza. Wa nne ulikuwa wa Bluetooth. Tulichokitaka sisi kilikuwa kadi ya waya, kwa sababu mashine zote za chumba kile zimeunganishwa kwa kebo hadi kwenye swichi.

Anayetaka jedwali fupi zaidi atumie `getmac /v /fo list`. Kiambatisho `/v` ni muhimu sana, na nashangaa kwamba maelekezo mengi huiacha, kwani bila yake `getmac` hutoa anwani tupu na jina refu la ndani ya Windows ambalo halimsaidii mtu kujua kadi ni ipi. Ukiiweka, hupata jina la muunganisho na jina la kadi kando ya anwani. Kumbuka tu kwamba `getmac`, sawa na `ipconfig`, haionyeshi anwani ya kadi iliyozimwa kwenye mipangilio, na hili huwafanya watu waamini kwamba kadi imekufa ilhali imezimwa tu.

Kwenye Windows 8 na matoleo yaliyofuata, mimi huchagua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

`Get-NetAdapter -Physical | Format-List Name, InterfaceDescription, Status, MacAddress, PermanentAddress`

Kiambatisho `-Physical` huziondoa kadi pepe nyingi kwa pigo moja, na kadi zilizozimwa nazo hutajwa pamoja na hali yake. Lakini faida kubwa ya amri hii imo katika safu mbili za mwisho. `MacAddress` ni anwani ambayo kadi inaitumia sasa hivi, na `PermanentAddress` ni ile iliyoandikwa ndani ya kadi tangu kiwandani. Zikilingana, kazi imekwisha. Zikitofautiana, ama Windows imewekewa chaguo la kutumia anwani za nasibu kwenye waifai, ama kuna mtu aliyeandika anwani yake mwenyewe katika mipangilio ya kiendeshi cha kadi. Maelekezo ya zamani hutaja amri ya `wmic nic`, ambayo Microsoft imekwisha kuitangaza kuwa ni ya kuachwa, na sioni sababu ya kumfundisha kijana leo.

Kwenye Linux amri ya msingi ni `ip link`. Majibu yake kwa kadi moja huwa hivi:

`2: enp3s0: <BROADCAST,MULTICAST,UP,LOWER_UP> mtu 1500 state UP`
`link/ether 00:00:5e:00:53:2a brd ff:ff:ff:ff:ff:ff`

Anwani inayotafutwa ni ile inayofuata `link/ether`. Ile ya F tupu baada ya `brd` ni anwani ya kutangazia mashine zote, ni ileile kwa kila kadi ya Ethernet duniani, na bado nimewahi kuletewa orodha nzima ya kompyuta zilizoandikwa anwani hiyo, kompyuta baada ya kompyuta, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kadi iitwayo `lo` ni ya mashine kuzungumza na nafsi yake, na anwani yake ni sifuri tupu, iruke. Ukitaka mstari mmoja kwa kila kadi bila ya mapambo, `ip -br link` inatosha. Amri ya kale ya `ifconfig` bado inafanya kazi palipowekwa kifurushi chake, lakini mifumo mingi ya sasa ya Linux haiji nayo, na kukosekana kwake si dalili ya hitilafu.

Majina ya kadi za Linux yana maana, na mwenye kuyasoma vizuri hupunguziwa kazi. `en` ni Ethernet ya waya, `wl` ni waifai, na herufi na tarakimu zinazofuata hueleza mahali kadi ilipochomekwa ndani ya mashine. Kadi ya nje inayochomekwa kwenye USB mara nyingi huitwa `enx` ikifuatiwa na alama kumi na mbili, na alama hizo kumi na mbili ndizo anwani yake ya MAC, kwa hivyo jina lenyewe limekwisha kukujibu. Kwa anayeandika hati ndogo za amri, anwani ya kila kadi imo pia katika faili lake, na `cat /sys/class/net/enp3s0/address` huitoa peke yake bila ya neno la ziada. Ukiandika `grep . /sys/class/net/*/address` hupata majina na anwani za kadi zote pamoja.

Zote hizo, hata hivyo, huonyesha anwani inayotumika wakati huo. Ya kiwandani huulizwa kwa `ethtool -P enp3s0`, kwa P kubwa, nayo hujibu kwa mstari mmoja wa `Permanent address`. Tofauti hii si ya nadharia. Kompyuta mpakato yenye NetworkManager, programu ya Linux ya kusimamia miunganisho, ikiwa haijaunganishwa na mtandao wowote wa waifai, kwa kawaida hutafuta mitandao kwa anwani ya nasibu, na anayeandika `ip link` wakati huo atanakili anwani ambayo baada ya muda mfupi haitakuwepo tena. Matoleo mapya ya amri hiyo huongeza neno `permaddr` na anwani ya asili mwishoni mwa mstari pale mbili hizo zinapotofautiana, na neno hilo likionekana ni bora msomaji asimame kwanza. Jambo kama hilo hutokea kwenye seva zenye kadi mbili zilizofungwa pamoja ili zifanye kazi kama kadi moja: kwa kawaida zote mbili huonyesha anwani moja, na `ethtool -P` ndiyo inayokuonyesha ya kiwandani ya kila moja.

Kwa wenye macOS sina mengi: `networksetup -listallhardwareports` huorodhesha kila kadi, jina lake na anwani yake, na `ifconfig en0` huonyesha inayotumika sasa. Tangu toleo la 2024 mfumo huo nao unaweza kutumia anwani ya faragha kwenye waifai, kwa hivyo linganisha majibu ya amri hizo mbili.

Kuna mashine zisizo na mahali pa kuandikia amri. Printa ya afisi iliyokufa kioo chake, kamera ya ukutani, au kifaa cha kusambazia waifai kilichofungwa juu ya dari, vyote hivi vina anwani ya MAC, na njia ya kuipata ni kuiuliza kompyuta iliyo jirani navyo. Ukiijua anwani ya IP ya printa, tuseme 192.168.1.50, anza kwa `ping 192.168.1.50`, amri ya kuibishia hodi mashine ili ijibu, kisha kwenye Windows andika `arp -a 192.168.1.50`, au kwenye Linux `ip neigh show 192.168.1.50`. Hata printa isipoijibu `ping`, anwani mara nyingi huwa imekwisha kuingia kwenye jedwali, kwa sababu kompyuta haiwezi kutuma chochote kwa jirani kabla ya kumuuliza kwanza, "Nani mwenye IP hii, na MAC yako ni ipi?" Utaratibu huo wa kuulizana ndio ARP, ulioandikwa na David Plummer mwaka 1982, na bado unafanya kazi katika kila mtandao wa IPv4 wa Ethernet na waifai tunaoutumia. Ukiona neno `STALE` kwenye majibu ya Linux usishtuke, kwani maana yake ni kwamba taarifa haijathibitishwa karibuni. `FAILED` ndilo neno linalomaanisha kwamba hapana aliyejibu.

ARP haivuki ruta, na hapa ndipo watu wa visiwa viwili wanapopata taabu. Ukiwa Vuga na ukaipigia `ping` kompyuta ya afisi iliyopo Wete, majibu yanaweza kurudi vizuri kabisa, lakini ukilifungua jedwali la `arp -a` hutaiona kompyuta ile. Utakuta anwani ya ruta yako mwenyewe, kwa sababu anwani ya MAC husafiri ndani ya mtandao mmoja tu, na kila ruta njiani huivua iliyokuja na kuvisha yake. Hakuna amri ya kulipita hilo. Anayetaka anwani za Wete lazima aingie kwanza kwenye mashine iliyopo Wete, kwa `ssh` ikiwa ni Linux, na aulize kutokea huko. Windows ina `getmac /s` ikifuatiwa na jina la mashine ya mbali, lakini hudai haki za msimamizi na hukwama kwenye ngome ya mtandao, na katika skuli zisizo na seva ya kuunganisha watumiaji sijaiona ikifaa sana. Simu kwa Maalim ni ya haraka zaidi.

Simu za mkononi zinastahili aya yake, maana ndizo zinazojaza mitandao ya nyumba za wageni za Mji Mkongwe. Mwenye nyumba huambiwa na aliyemfungia ruta kwamba ataweza kuwaruhusu wageni wake tu kwa kuziandikisha anwani za simu zao, na baada ya wiki mbili anakuta wageni wanaruhusiwa leo na kukataliwa kesho. Kwenye Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, utaratibu wa kawaida ukawa kila mtandao wa waifai kupewa anwani yake ya nasibu, ili mtu asiweze kufuatiliwa kutoka hoteli hadi bandarini kwa anwani moja. Anwani ya kiwandani inayoonekana kwenye ukurasa wa taarifa za simu, kwa hiyo, siyo inayofika kwenye ruta. Wala programu ya kuandikia amri ndani ya simu haisaidii, kwani tangu Android 6 programu ya kawaida inayoulizia anwani ya waifai hupewa 02:00:00:00:00:00, jibu moja kwa simu zote. Njia ya uhakika ni kusoma upande wa pili: mgeni aunganishwe, kisha orodha ya ruta au `ip neigh` ya mashine iliyo mtandao huohuo itazamwe. Alama ya pili ya anwani yake itakuwa 2, 6, A au E, na hiyo ndiyo ya kuandikishwa, kwa mtandao huo peke yake.

Kwa maoni yangu lakini, orodha ya namna hiyo haifai kuitwa ulinzi. Anwani za MAC hupita hewani bila ya kufichwa hata pale waifai inapotumia nywila, na mwenye Linux anaweza kuivaa anwani ya mwenziwe kwa mstari mmoja wa `ip link set dev`. Orodha inafaa kwa kupanga anwani za IP na kwa kujua mashine ipi ni ya nani. Mlango ufungwe kwa nywila nzuri.

Kuhusu kuandika, Windows hutenganisha jozi kwa vistari, Linux na macOS kwa nukta mbili, na vifaa vya Cisco huandika makundi matatu ya alama nne yaliyotengwa kwa nukta. Fomu nyingine za wavuti zinakataa alama yoyote ya kutenganisha. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Anayeandika kwa mkono ajue kwamba O haimo katika heksadesimali, kwa hivyo kila kiduara ni sifuri, na kinachochanganywa kweli ni 8 na B, na D na 0. Ikiwezekana mkono usihusike kabisa: `getmac /v /fo csv > orodha.csv` hutoa faili linalofunguka moja kwa moja kwenye jedwali, na `getmac /v | clip` huiweka kwenye ubao wa kunakilia tayari kubandikwa kwenye ujumbe.

Mpakato nyembamba za siku hizi zimeleta tatizo jipya, kwa kuwa nyingi hazina tundu la kebo na hutegemea kadi ya USB. Anwani ni ya kadi hiyo, si ya mpakato. Afisi yenye mpakato tano na kadi mbili za USB zinazopokezanwa itaiona ruta ikimpa mhasibu anwani ya IP ya katibu, na kila atakayeulizwa ataapa kwamba hakugusa kitu, naye atakuwa anasema kweli. Katika orodha ninazozitunza, kadi ya USB ina mstari wake wenyewe na kibandiko chake, na safu ya anwani imegawanywa mara mbili, ya kiwandani na inayotumika, hata kama kwa mashine nyingi zinalingana. Mashine inapobadilishwa bodi kuu, kadi ya waya iliyojengwa ndani huondoka na bodi, kwa hivyo anwani yake kwa kawaida hubadilika ingawa kasha na jina la mashine ni yaleyale. Mstari wa zamani huufuta siku hiyohiyo kwenye daftari na kwenye ruta pia, kwa sababu ruta ndogo nyingi zina nafasi chache za kutengea anwani, na zikijaa mashine mpya haikubaliwi.